Kushona gauni la kitambaa cha kuvutika nyumbani kwa patani uliyoizoea

Patani, yaani karatasi ya kukatia nguo, iliyokukaa vizuri kwenye kitenge haitakukaa vile vile kwenye kitambaa cha fulana. Hata ile iliyokukaa kwenye kitambaa cha fulana mwaka jana inaweza kukubana mwaka huu, mwili ukiwa ule ule na karatasi ile ile. Kilichobadilika ni kitambaa. Kitenge kina nyuzi za wima na za mlalo zilizopishana, kwa hiyo hakiendi popote. Kitambaa cha kuvutika kimefumwa kwa vitanzi kama sweta, ila vitanzi vyake ni vidogo mno, na ukikivuta kila kitanzi kinapanuka upande na kufupika wima. Kuna kinachopanuka kidogo kisha kikagoma, na kuna kinachoendelea tu. Usipojua chako ni kipi kabla ya kushika mkasi, unabahatisha.

Maelezo haya yanafuata gauni moja: shingo ya mviringo, mikono mirefu, linafuata mwili kifuani na kuachia taratibu kuanzia kiunoni, urefu chini ya goti. Ni gauni la baridi ya Juni hadi Agosti, kuanzia Makete na Njombe hadi Mbeya mjini. Linaingia chini ya sweta au koti bila kujikunja, na ukijifunga kitenge juu yake asubuhi halitoi uvimbe kiunoni.

Kununua kitambaa

Kitambaa hiki kina majina mengi dukani, na jina moja sokoni Mwanjelwa, Mbeya, linaweza kuwa kitambaa kingine kabisa Iringa mjini. Usitegemee jina. Nenda na futi ya kupimia na ukipime pale pale.

Kunja kitambaa mbali na ukingo kama sentimita 20, maana ukingo wa kiwandani huwa mgumu na utakudanganya. Shika sentimita 10 za upana kati ya vidole vya mikono miwili, vuta mpaka kitambaa kikatae chenyewe bila kukilazimisha, kisha soma. Kikifika 12.5, kinavutika kwa asilimia 25. Kikifika 15, ni asilimia 50. Gauni hili linataka kilicho kati ya hizo mbili. Chini ya asilimia 25 kichwa kitapita shingoni kwa taabu na utajikuta unatafuta zipu. Kinachozidi 50 sana ni cha nguo za mazoezi, na patani yake ni nyingine.

Sasa kiachie uone kinarudi wapi. Wengi huvuta, wakaridhika, wakalipa. Kikirudi kwenye 10 papo hapo, nunua. Kikibaki 10.5 au 11, gauni litatoa mfuko nyuma baada ya saa moja ya kukaa kwenye daladala, na mfuko huo hauondoki mpaka ufue. Kitambaa cha pamba tupu mara nyingi kina tabia hii. Pamba yenye laikra kidogo (uzi unaovutika kama mpira), hata asilimia 5 tu, hurudi vizuri zaidi. Muuzaji asipojua mchanganyiko, omba nyuzi mbili tatu za ukingoni uzichome kwa kiberiti: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha kipande kigumu kama shanga. Poliesta tupu si mbaya kwa baridi, lakini katika miezi ya ukavu hujaa umeme na kung'ang'ania miguuni, kwa hiyo andaa gaguro la kuvaa ndani.

Weka kiganja nyuma ya kitambaa. Ukiiona rangi ya ngozi, ni chepesi mno kwa gauni hili. Kwa anayeanza, kizito ni rahisi kushona kuliko chepesi kwa sababu kinatulia mezani na hakijiviringishi kingoni. Chepesi kinachoteleza kingojee gauni la tatu.

Kiasi hutegemea upana. Vitambaa vingi vya aina hii vina sentimita 150. Kama mbele na nyuma zinaweza kulala sambamba (yaani pindo la kila kipande halizidi sentimita 70), hesabu urefu wa gauni, ongeza urefu wa mkono, ongeza 20 za majaribio. Gauni la 108 na mkono wa 60 ni 188, basi nunua mita 2. Pindo likiwa pana zaidi, vipande havitalala sambamba: chukua urefu wa gauni mara mbili na hizo 20, ambayo kwa mfano wetu ni 236, yaani mita 2.5, na mikono itapata nafasi pembeni. Kuna vitambaa vya fulana vinavyouzwa vikiwa bomba. Hivyo pima upana wa bomba likiwa limelala, uzidishe mara mbili.

Usisahau mitumba. Fulana kubwa ya mtumba kutoka soko la Sido ni kitambaa cha majaribio cha bei ndogo kuliko kosa kwenye kitambaa kipya, na zile za shingo na vikofi vya mistari ya wima hukupa utepe wa shingo unaobana kuliko kitambaa chenyewe.

Kifue kwanza

Pamba iliyofumwa hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, na hunywea zaidi kwa urefu. Gauni la sentimita 108 likipoteza 5 kati ya kila 100, limepanda juu ya goti. Kwa hiyo fua kitambaa kizima kama utakavyolifua gauni: kama ni maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, basi hivyo hivyo.

Usikining'inize kwenye kamba moja. Kikiwa kimelowa ni kizito, na uzito huo unavivuta vitanzi mpaka kikauke kikiwa kirefu na chembamba. Kamua kwa kukiviringisha ndani ya taulo, kisha kitandaze kwenye mkeka, au kipitishe juu ya kamba tatu nne ili uzito ugawanyike. Mahali kama Tukuyu, ambako mvua haina haraka ya kuondoka, hesabu siku mbili ndani ya nyumba. Usikikate kikiwa na unyevu.

Patani na namba zake

Patani ikae kwenye karatasi ya kaki. Gazeti huacha wino kwenye kitambaa cheupe na huchanika kwenye tundu la pini, na kaki inatengenezwa hapa hapa Mgololo, Mufindi, hivyo hakuna sababu ya kubana matumizi. Kama huna patani ila una gauni linalokukaa, lifanye kuwa patani: tandika blanketi mezani, juu yake kaki, juu yake gauni likiwa limekunjwa katikati kwa urefu. Tembeza pini kwenye kila mshono, ukitoboa hadi kwenye karatasi kila baada ya sentimita 2. Ondoa gauni, unganisha matundu kwa penseli, ongeza sentimita 1 ya mshono kila upande na 2.5 za pindo. Shingoni ongeza hiyo 1 ya mshono tu.

Halafu jipime na uipime patani, bila kuhesabu nafasi za mishono. Kwa kitambaa kizito cha asilimia 25 hadi 35, patani kifuani iwe sawa na mwili au pungufu kwa sentimita 2, kiunoni izidi 6 hadi 8, nyongani izidi 2 hadi 4, mkono wa juu uzidi 1 au 2. Kwa chepesi cha karibu asilimia 50, kifuani ipungue 4 hadi 6 na mkono uwe sawa na mwili. Nyongani usipunguze kitu hata kitambaa kikivutika namna gani, kwa sababu kinachobana nyonga hupanda juu kila unapopiga hatua.

Mfano wa kifua cha 96 kwa kitambaa kizito: gauni likamilike kwa 94. Gawanya kwa 4, ni 23.5. Ongeza 1 ya mshono wa ubavuni. Kipande kilichokunjwa katikati kinakuwa na 24.5 kutoka kwenye mkunjo hadi ukingoni.

Ikiwa patani ilichorwa kwa ajili ya kitenge, kupunguza upana tu hakutoshi. Ondoa dati za kifua (vile vikunjo vilivyoshonwa kuipa nguo umbo), maana mvutiko unafanya kazi yake. Punguza bega sentimita 1 kila upande. Pandisha kwapa sentimita 1 hadi 1.5, kwa sababu kwapa lililoshuka ndilo linalolinyanyua gauni zima ukiinua mkono kushika bomba la daladala. Kisha pima mzunguko wa kichwa cha mkono (ukingo wa juu unaoshonwa begani) na wa tundu la kwapa. Kwenye kitenge mkono huzidi tundu kwa sentimita 2 au 3 ili uumuke begani. Hapa usizidi 1. Ukiuacha ulivyo, utapata vikunjo begani ambavyo pasi haiviondoi.

Andika pembeni ya patani: aina ya kitambaa, asilimia ya mvutiko, na tarehe. Patani isiyo na asilimia ni nusu ya patani.

Kukata

Tafuta uso wa kitambaa. Ukikitazama kwa karibu, uso una alama kama herufi V zilizopangana wima, na nyuma kuna vijimawimbi vya mlalo. Usipoona, vuta kwa upana ukingo uliokatwa: kitambaa chepesi cha fulana hujiviringisha kuelekea usoni. Vizito vyenye nyuso mbili havijiviringishi. Chagua uso mmoja na utie alama ya chaki kwenye kila kipande.

Mkunjo wa dukani usiuamini. Mara nyingi haufuati mstari wa vitanzi, na kwenye vitambaa vya rangi nzito huwa na mstari uliopauka usiotoka. Kikunje upya kwa kufuata safu moja ya vitanzi kutoka juu hadi chini, ukitia pini kila sentimita 15. Kitambaa chote kiwe juu ya meza, au juu ya sakafu iliyofagiliwa na kutandikwa shuka. Sehemu ikining'inia ukingoni mwa meza huvuta iliyobaki, nawe unakata kitu kilichovutwa: ukikiinua kinarudi, na kipande kimekuwa kidogo.

Mshale wa patani ufuate urefu wa vitanzi na mvutiko uzunguke mwili. Vipande vyote vielekee upande mmoja, juu kwa juu, kwa kuwa vitambaa hivi hubadilika rangi kidogo kwenye mwanga vikigeuzwa. Shikilia patani kwa vitu vizito badala ya pini: visahani, au mawe bapa yaliyooshwa. Ukilazimika kutumia pini, ziwe ndani ya nafasi ya mshono. Mkasi uwe mkali na ukae mezani unapokata. Mkasi butu hutafuna kitambaa hiki.

Tia alama katikati ya shingo mbele na nyuma, kilele cha mkono, na kiunoni. Mkato wa milimita 3 unatosha. Utepe wa shingo usiukate sasa.

Cherehani

Sindano ndiyo ya kwanza. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayokata kitanzi, na kitanzi kilichokatwa kinafunguka baada ya kufua mara mbili tatu na kuwa tundu. Tafuta ya ncha ya mviringo, inayosukuma kitanzi pembeni na kupita. Kwenye pakiti huwa na herufi SUK baada ya 130/705 H. Kwa kitambaa chenye laikra nyingi chukua yenye H-S. Namba 75/11 kwa chepesi, 90/14 kwa kizito. Cherehani nyeusi za kukanyaga za nyumbani hutumia sindano iliyoandikwa HAx1, ambayo umbo lake ni sawa na 130/705, kwa hiyo zinaingiliana. Upande bapa uelekee ulikoelekea wa sindano uliyoitoa.

Uzi uwe wa poliesta, ule wa 40/2 unaouzwa kwenye koni. Uzi wa pamba hauvutiki na ndio unaokatika kwanza.

Cherehani yenye zigizaga, weka upana milimita 1 na urefu 2.5. Zigizaga nyembamba kiasi hicho inaonekana kama mstari ulionyooka, lakini ina akiba ya uzi ndani yake, kwa hiyo kitambaa kikivutika nayo inavutika.

Cherehani ya kukanyaga inayoshona mstari tu haikuzuii, na haina habari na umeme ukikatika. Fupisha mshono mpaka upate mishono 5 kwenye sentimita 1, legeza uzi wa juu kidogo, na unaposhona shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano ukivute kwa upole kiasi kwamba sentimita 20 ziwe 21. Usizidishe hapo. Mvuto huo unaweka uzi wa ziada kwenye mshono. Mistari miwili iliyoachana milimita 3 ina nguvu kuliko mmoja.

Jambo la tatu ni mkandamizo wa mguu wa cherehani. Cherehani iliyotoka kushona jinzi inakandamiza kwa nguvu, na kitambaa kinatoka nyuma ya sindano kikiwa na mawimbi kama mgolole uliokaushwa na upepo. Legeza skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu mizunguko miwili, jaribu, legeza tena ikibidi.

Majaribio yafanywe kwenye mabaki ya kitambaa hicho hicho, tabaka mbili, sentimita 20 za urefu na nyingine 20 za upana. Vuta kwa nguvu na usikilize. Ukisikia "tik", uzi umekatika: fupisha mshono, au panua zigizaga, au legeza uzi. Mshono ukivutika kimya na kurudi bila mawimbi, hapo anza gauni.

Mabega

Bega ndilo linalobeba uzito wote wa gauni, na bega lisilotiwa nguvu hurefuka mpaka mshono unashuka mkononi. Kata utepe usiovutika wenye upana wa milimita 6 hivi. Ukingo wa kiwandani wa bitana nyepesi unafaa sana na hauuzwi, unatupwa. Urefu wake upime kwenye patani, usipime kwenye kitambaa, ambacho huenda kimeshavutika. Weka mbele na nyuma uso kwa uso, utepe juu ya mstari wa mshono, ushone vyote pamoja. Kitambaa kikionekana kirefu kuliko utepe, kibane kiingie ndani ya utepe.

Mwanzo wa mshono ndipo cherehani hupenda kumeza kitambaa ndani ya tundu la sindano. Anza sentimita 1 ndani ya ukingo, shika nyuzi zote mbili kwa nyuma, na kama bado kinamezwa, tandika chini yake kipande cha karatasi ya chooni. Ukimaliza unaichana.

Shingo

Shingo ndipo gauni la nyumbani linapojulikana kuwa ni la nyumbani. Utepe ukiwa mrefu, unasimama na kufunguka mbele kama mdomo wa kapu. Ukiwa mfupi, unavuta gauni na kuleta vikunjo kifuani.

Pima mzunguko wa shingo ya gauni kwenye mstari utakaoshonwa, sentimita 1 chini ya ukingo, futi ikiwa imesimama kwa upembe. Usipime kwenye ukingo wenyewe, maana pale ni pafupi. Tuseme ni 58. Kwa utepe wa kitambaa hicho hicho zidisha kwa 0.85: unapata 49.3. Ongeza 2 za mshono, ni 51.3, kata 51. Utepe wa mistari ya wima wa fulana za mtumba hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo zidisha kwa 0.8. Kitambaa kizito kisichovutika sana, 0.9. Upana ukate 5, mvutiko ukiwa kwenye urefu wa utepe. Ukikunjwa na kushonwa utabaki na sentimita 1.5 zinazoonekana.

Unganisha ncha za utepe uwe duara. Ukunje katikati, uso nje, upige bandi nyepesi (mishono mirefu ya muda) ili tabaka mbili zisitembee. Ugawe robo nne kwa pini. Gawa pia shingo ya gauni robo nne: katikati ya nyuma, katikati ya mbele, na nukta mbili za pembeni. Nukta hizo za pembeni haziangukii kwenye mishono ya mabega, kwa sababu shingo ya mbele ni ndefu kuliko ya nyuma. Huwa mbele kidogo ya bega. Anayebandika robo kwenye mabega anapata utepe uliolegea nyuma na kubana mbele.

Mshono wa utepe ukae katikati ya nyuma. Linganisha pini kwa pini upande wa uso, kingo tatu pamoja, utepe ukiwa juu. Shona ukivuta utepe peke yake mpaka ulingane na gauni kati ya pini na pini. Gauni lisivutwe hata kidogo. Hapo ndipo mikono inapotaka kuvuta vyote, nawe uikataze.

Kabla ya kwenda mbele, lipitishe gauni kichwani. Kikipita bila sauti ya uzi, laza kwa pasi nafasi ya mshono ielekee chini, kisha shona juu yake milimita 3 kutoka kwenye utepe ili isipinduke. Ukiona utepe umesimama, fumua. Hakuna pasi wala fua itakayoulaza.

Mikono na ubavu

Mikono ishonwe gauni likiwa bado wazi ubavuni. Linganisha kilele cha mkono na mshono wa bega, ncha na ncha, halafu ile ziada ndogo ya mkono uigawe. Mkono uwe chini, upande wa meno ya cherehani. Meno hula tabaka la chini zaidi kuliko la juu, na yatakula hiyo ziada bila wewe kukunja chochote.

Ubavu unashonwa mara moja kutoka pindo la gauni, kupita kwapani, hadi mwisho wa mkono. Pande zote mbili zianzie chini. Ukishona mmoja kwenda juu na mwingine kushuka, gauni linajipinda mwilini na utalaumu kitambaa. Kwapani geuza nafasi ya mshono mmoja mbele na mwingine nyuma ili pasiwe na donge.

Mwisho wa mkono tunashauri kikofi badala ya pindo, hasa kwa cherehani ya mstari mmoja. Kiganja ni kipana kuliko kifundo, pindo la mstari litakatika mara ya kwanza unapokunja mikono kuosha vyombo. Kama mwisho wa mkono ni 22, kata kikofi cha urefu 21 na upana 12. Unganisha, kunja katikati, shona ukivuta kikofi kama ulivyofanya utepe wa shingo. Kinazuia na upepo.

Ovaloki ya fundi

Kitambaa hiki hakichomoki nyuzi kama kitenge, kwa hiyo ovaloki, mashine inayokata ukingo na kuuzungushia nyuzi, si lazima. Ukiitaka, mafundi wengi sokoni hupiga kwa malipo madogo. Mwambie mambo mawili. Kwanza, kisu kikate milimita 3 tu, kwa kuwa nafasi yako ni sentimita 1 na mshono wa ovaloki huchukua 6 au 7. Pili, ajaribu kwanza kwenye kipande ulichokuja nacho. Ovaloki iliyokuwa ikipiga vitenge asubuhi nzima italivuta gauni lako liwe na mawimbi, mpaka meno ya mbele yaongezwe mwendo kuliko ya nyuma. Mwendo wa mara 1.3 hadi 1.5 ya ule wa nyuma huwa unatosha. Fundi anayekataa kujaribu, mshukuru uende kwa mwingine.

Pindo

Litundike gauni kwenye hanga usiku kucha kabla ya kulipinda, kizito saa 24 kamili. Litashuka, na halishuki sawasawa: pembeni, ambako limeachia, hushuka zaidi. Livae na viatu utakavyovaa, mtu mwingine akupimie kutoka sakafuni kwenda juu kwa rula, atie pini kila sentimita 10. Kata kwa kufuata pini, ukiacha 2.5 za kupinda.

Mwenye cherehani ya zigizaga anaweza kutumia sindano pacha ya milimita 4 yenye ncha ya mviringo, koni mbili za uzi, akishona kutoka upande wa uso. Nyuma inatoka zigizaga yenyewe. Kukitokea tuta kati ya mistari miwili, uzi wa juu umekazwa mno. Mwenye cherehani ya mstari asihangaike: pindo la gauni lililoachia lina sentimita 130 na zaidi, hatua ya kawaida haifiki kulivuta, kwa hiyo mstari wa mishono mifupi uliovutwa kidogo unatosha. Ndiyo maana hatumshauri mwenye cherehani hiyo aanze na gauni la kubana magotini. Pindo lile litakatika anapopanda gari.

Pasi ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe. Pasi ya mkaa itanguliwe na kitambaa chenye unyevu, kwa ajili ya majivu na kwa ajili ya poliesta, ambayo hung'aa ikichomwa na haisameheki.

Kasoro na zinakotoka

Mishono inayorukwa ni sindano, karibu kila mara: si ya ncha ya mviringo, au imechoka, au haijaingia mpaka juu. Badilisha kabla hujagusa skrubu yoyote. Vitundu kandokando ya mshono, hiyo hiyo.

Mawimbi yana vyanzo viwili, mguu unaokandamiza au mikono inayovuta. Shona sentimita 10 bila kukigusa kitambaa kabisa. Yakiisha, ni mikono yako.

Mshono wa ubavu unaohamia mbele baada ya kufua ni kitambaa, kama ulikata sawa. Fulana nyepesi za bei ndogo hufumwa kwa uzi uliosokotwa upande mmoja, na ukifua husokota na kupinda safu zote. Hakuna fundi atakayelinyoosha. Safari ijayo, ukishafua kitambaa kabla ya kukata, angalia kama safu za vitanzi bado ziko wima dhidi ya ukingo. Zikiwa zimelala, kishone nguo ya kulalia.

Gauni lililokubana kifuani kuliko ulivyotarajia, pima tena mvutiko wa mabaki yaliyofuliwa. Mara nyingi utakuta 12 mahali ulipoandika 13. Rekebisha namba kwenye kaki, kisha lifumue ubavuni: kati ya ile sentimita 1 unaweza kurudisha nusu kila ukingo, na kingo nne zinakupa sentimita 2. Aliyepiga ovaloki kabla ya kujaribu gauni hana hizo 2.

Likikamilika likunjwe kabatini. Hanga la waya litalirefusha mabega hata yale yenye utepe.